Orodha ya Avenyu ya Kumi na Saba

Mtu aliyeleta ile karatasi alikuja na gari lake kama mteja yeyote. Ilikuwa Jumatatu asubuhi, mwezi wa pili wa mwaka 1995. Bi Sijaona alikuwa amepiga magoti ndani ya Peugeot ya mtu mwingine, aking'oa kitambaa kilichooza kwenye kiti cha nyuma, aliposikia gari linasimama nje na mlango wake unafungwa taratibu. Huku kwetu Buyenzi, mtaa wa mafundi wa Bujumbura, mlango wa gari hupigwa. Akajua ni mtu wa Kiriri, mtaa wa wakubwa kule juu mlimani, kabla hajainua kichwa.

Alikuwa Adrien, mtu wa ofisi moja ya mjini ambaye Bi Sijaona alikwisha kumshonea viti mara mbili. Alivaa suti ya kijivu, na sauti yake haikupanda hata siku moja.

"Bonjour, Mama Sijaona. Kiti cha dereva kimepasuka tena."

"Karibu, Monsieur Adrien. Kaa hapo kwa benchi, nitakitazama."

Akakaa. Akasubiri mpaka mama amekigusa kiti, amekibonyeza sponji, amesema kitakuwa tayari Ijumaa. Ndipo akatoa mfukoni karatasi iliyokunjwa mara nne.

"Kuna na kazi ingine, ndogo," akasema.

Karatasi ilikuwa imepigwa mistari kwa rula. Namba ya nyumba. Jina. Kazi. Baba alitoka wapi. Na mstari wa mwisho uliandikwa neno la Kirundi, *ubwoko*, yaani kabila.

"Kila nyumba ya avenyu yako," Adrien akasema. "Na wapangaji. Zaidi wapangaji. Ijumaa nitapita kuchukua gari na karatasi pamoja."

"Juu ya nini?"

"Usalama. Ni orodha tu, mama. We ndiye nyumbakumi. Nani anajua watu wako kukupita?"

Na kweli hakuna aliyewajua kumpita. Bi Sijaona alizaliwa avenyu ya kumi na saba na alikuwa na miaka hamsini na miwili bila kulala pengine zaidi ya mwezi. Mumewe, Ilias, alikuwa fundi wa viti vya magari. Alipokufa kwa kisukari mwaka 1988, wenye magereji walikuja kutoa pole na kuulizana kwa sauti ya chini nani sasa atawashonea. Bi Sijaona, ambaye kwa miaka ishirini ndiye aliyekuwa anakata vitambaa huku mume akisifiwa, aliwajibu kutoka ndani ya eda yake: leteni. Unyumbakumi nao ulimfuata hivyo hivyo. Ilias alikuwa ndiye mwenye kujua nani kazaliwa, nani kafa, nani ana mgeni. Watu wakaendelea kuja kwenye benchi lile lile, na ofisi ya zoni ilipotaka kuchagua mwanaume, wazee wa msikiti wakasema kazi iachwe ilipo.

Lazima niseme kidogo Buyenzi ni mahali gani, maana bila hivyo karatasi ile haieleweki ubaya wake. Babu yake Bi Sijaona alikuwa mpagazi kutoka Manyema, alifika ziwani na mzigo wa mtu mwingine kichwani na akakosa sababu ya kurudi. Wabelgiji walipoona Waswahili wamejaa kando ya ziwa, kwenye ardhi waliyoitaka wao, waliwapimia viwanja huku ndani, vidogo kama vitambaa vya leso, na njia wakazipa namba badala ya majina. Tangu siku hiyo mtu wa Buyenzi ukimuuliza kwao wapi anakujibu kwa namba. Mtoto wa saba. Mtoto wa kumi na saba. Walikuja watu wa Ubwari na wa Rumonge, wakaja Waarabu wa Oman na maduka yao, wakaja Warundi kutoka milimani, Wahutu na Watutsi, wakapata kazi gereji, wakasilimu, wakaoa, na watoto wao wakaota ndoto kwa Kiswahili. Hatukuwa malaika. Wenye asili ya Oman hawakupenda kuoza binti zao kwa fundi, na mgeni wa kutoka mlimani alichekwa matamshi yake mpaka ayaache. Lakini swali la karatasi ile, mstari wa mwisho, hakuna aliyekuwa anamuuliza jirani yake.

Vita vilipoanza mwaka 1993 mji ulikatwa vipande. Kamenge ikawa ya Wahutu, Ngagara ikawa ya Watutsi. Mutakura, kule kaskazini, walikokuwa wamejenga pamoja, ikagawanywa nyumba kwa nyumba. Sisi tulisema: hayo si yetu. Tulisema hivyo mwaka mzima na zaidi.

Jumanne Bi Sijaona alianza na nyumba namba ishirini na tatu, maana alijua mwiba uko hapo. Ilikuwa nyumba ya Bi Khadidja, mama wa miaka sabini na kitu, aliyesomesha mabinti Kurani sebuleni na kuishi na mjukuu mmoja wa kike. Chumba cha uani, tangu mwezi wa kumi na moja, kilikuwa na wageni wawili: Melchior, mwalimu wa shule ya msingi, na mkewe Spès, mwenye mimba ya miezi sita. Wahutu wa Mutakura. Walifika na godoro na sufuria moja. Spès aliwahi kumshonea Bi Khadidja mashuka. Hakukuwa na udugu mwingine.

Bi Sijaona alifungua karatasi juu ya mkeka. Melchior aliisoma, kisha akaisoma tena, na vidole vyake vikaanza kusugua goti la suruali.

"Pale Mutakura nilijenga na mutu anaitwa Télesphore," akasema. "Ukuta mumoja. Mabati tulipandisha pamoja. Watoto wake waliniita tonton, mjomba. Vijana walipokuja, Mama, walikuja na karatasi. Walisoma namba ya mulango wangu."

"Ni Télesphore aliandika?"

"Sijui. Hiyo njo inaniuma. Mpaka leo mi sijui."

Kisha Melchior akairudisha karatasi. "Tuandike, Mama. Kama hatuko kwa orodha na wakitukuta, watamuua huyu mama juu yetu."

"Apana," Bi Khadidja akasema. Hakuwa ameigusa karatasi. "Mugeni wangu haandikwi kwa karatasi ya mutu mwengine. Sijaona, kunywa chai yako uende."

Bi Sijaona alikunywa chai yake akaenda. Akapita nyumba nyingine kumi na nane siku ile, na kila alipofika kwenye mstari wa mwisho alikuta mtu anamtazama machoni kwa namna ambayo hakuwahi kutazamwa katika avenyu yake.

Jumatano mchana Rachidi alikuja kwenye karakana. Alikuwa fundi wa injini, gereji yake iko nyumba tatu kutoka hapo, mtu mcheshi, baba wa watoto sita, na Ilias ndiye aliyemsimamia nikahi. Siku ile hakutania. Alisimama kati ya Bi Sijaona na mwanga.

"Bi Sijaona, kwangu andika vizuri. Baba Mumanyema, sawa. Lakini mama yangu alikuwa Mututsi. Andika mama."

"Karatasi inauliza baba."

"Andika mama!" Kisha akashusha sauti. "Niko na watoto sita. Na wale wa chumba cha uani kwa Bi Khadidja, kila mutu anawajua. Wataleta kifo kwa avenyu yote. Mi siwachukii. Lakini waende."

"Waende wapi, Rachidi?"

Alisimama pale akifuta mikono yake kwa tambara lenye grisi, akaifuta na kuifuta, kisha akaondoka.

Alhamisi ilikuwa siku ya *ville morte*. Vijana wanamgambo wa Kitutsi waliufunga mji kwa mawe na matairi, na asiyefunga duka alijuta. Hakuna gereji iliyopiga nyundo. Mtu asiyeijua Buyenzi hawezi kuelewa kimya kile: sisi tumezaliwa katika kelele za chuma, na siku zilipokuwa kimya hata watoto wachanga walilia bila sababu. Upande wa Bwiza, mtaa wa jirani, ilisikika milio ya bunduki, mmoja mmoja, kama mtu anayefikiri kati ya risasi na risasi.

Nasser, mwenye duka la kona, alipita uani kwa uani mpaka kwa Bi Sijaona. Babu yake alitoka Oman, na yeye alikuwa mtu wa hesabu na woga. Alisema mwenyewe kwamba ni mwoga.

"Andika wote Waswahili," akasema. "Mstari wa mwisho, wote neno moja."

"Nimefikiri hivyo, Nasser. Lakini neno haliwafichi wale wawili. Melchior akisema salamu tu unasikia si mtoto wa huku."

Nasser alitazama mikono yake. "Jumamosi asubuhi lori langu linakwenda Uvira, kule Zaire. Naweza kusema ni shemeji zangu. Mwanamke avae buibui, mwanaume avae kanzu na asifungue mdomo. Pale mpakani wananijua." Akameza mate. "Lakini usitoe karatasi kabla. Wakija kwa Khadidja kesho, mi siwezi kitu. Na Bi Sijaona, wakinikamata, mi nitasema kila kitu. Nakwambia mapema. Sina nguvu ya kupigwa."

"Sawa," akajibu. "Hata mi sijui nguvu yangu."

Bi Khadidja ndiye aliyewaambia wageni wake, na alilia alipowaambia, kwa sababu aliona ni kama kumfukuza mtu mvua ikinyesha.

Ijumaa Adrien alifika baada ya sala ya mchana. Bi Sijaona alikuwa ameandaa maneno yake: kitambaa hakikufika kwa sababu ya ville morte, kiti hakijakwisha, na orodha nayo haijakwisha, arudi Jumamosi jioni. Aliyasema yote vizuri.

Adrien alikaa kwenye benchi. "Gari linaweza kungoja," akasema. "Karatasi, iandike sasa. Nitakusubiri."

Akaiandika basi, mbele yake, kwa ule mwandiko wa madrasa wa kuchonga kila herufi. Nyumba ya kwanza. Nyumba ya pili. Aliandika majina ya watu aliowaosha wakizaliwa na ya watu waliombeba yeye mgongoni. Kwenye kazi aliandika: fundi breki, fundi rangi, mwalimu wa Kurani, hana kazi. Mstari wa mwisho aliuruka. Namba ishirini na tatu aliandika Khadidja na mjukuu wake.

Alipomaliza, Adrien alivuta karatasi kwake. Alisoma bila haraka. Kidole chake kikasimama.

"Hapa ni wawili tu?"

"Wawili."

"Nasikia ni wanne."

Bi Sijaona akajua mtu wa avenyu alikuwa amesema. "Kuna watu wanapita kusalimia," akajibu. "Nyumba ya mwalimu wa Kurani haikosi watu."

"Na mstari huu wa mwisho?"

"Huo sijui."

"Unajua, Mama Sijaona. Kila mtu anajua."

"Najua nani alizaliwa na nani. Nikikuandikia hapo, Monsieur Adrien, kesho ni nani atakuja na hii karatasi? Ni we?"

Adrien alikunja karatasi mara nne kama alivyoileta. "Kesho saa mbili asubuhi, uje ofisini," akasema. "Na uje na kumbukumbu."

Jumamosi Bi Sijaona alivaa vizuri akaenda kwa miguu. Angeweza kukimbia; Nasser alimwambia lori lina nafasi ya mtu wa tatu. Lakini alihesabu hivi: akikosekana saa mbili, watakuja avenyu saa mbili na nusu, na lori lilikuwa liondoke saa tatu.

Walimweka katika chumba chenye meza moja. Adrien hakuonekana. Aliyeuliza alikuwa kijana mwenye koti la jeshi bila cheo, na swali lake lilikuwa moja tu: namba ishirini na tatu, ni wangapi? Wawili, alijibu. Kijana alimpiga kofi la sikio, kwa mkono uliokunjwa kama kikombe. Wangapi? Wawili. Ukutani kulikuwa na saa. Ilipofika saa nne na robo, Bi Sijaona aliona kwamba ama lori limefika mpakani ama limekamatwa, na kama limefika, basi anachosema sasa ni kweli. Akasema wawili kwa sauti ya mtu asiyeogopa kuapa.

Kijana alitoka kuwaita wenzake, akaacha makaratasi mezani. Bi Sijaona aliona ukurasa mmoja wa daftari la gereji, wenye alama za mafuta. Ulikuwa umegeuzwa juu chini na hakuwahi kuusoma wote. Aliona 23. Aliona 17, na ile saba iliyokatwa katikati kwa mstari mrefu unaopinda mwishoni. Saba hiyo alikuwa ameiona miaka mingi. Hakuna aliyeikata hivyo isipokuwa Rachidi.

Walimwachilia Jumapili asubuhi. Sikio la kushoto halikusikia tena. Nasser alikuwa mlangoni mwa duka lake na hakumsemesha. Aliinua tu mkono na kuushusha, na kwa hilo Bi Sijaona akajua wale wageni wamevuka.

Kuhusu ile saba hakumwambia mtu. Alijua avenyu ingemfanya nini Rachidi. Alipita nyumba zote, akasema kwa kila mlango: kuna karatasi nyingine, sijui wamo nani, mwenye pa kwenda aende. Wengine walimsikiliza. Wengine walisema Buyenzi ni Buyenzi.

Mwisho wa mwezi wa tatu vijana wenye silaha waliingia asubuhi, na walikuwa wanasoma namba za milango. Katika avenyu yetu peke yake walichukua wanaume wanne. Kwa Bi Khadidja walifika mapema. Alisimama mlangoni akawaambia wageni wake hawapo, na kama wangekuwapo asingewatoa. Walimsukuma. Alianguka juu ya ngazi ya saruji, na siku ya tatu akafariki bila kuzungumza tena. Bi Sijaona ndiye aliyemwosha.

Karatasi haikumlinda Rachidi. Kufikia mchana vijana hawakuwa wanasoma tena chochote. Waliiba gereji yake, wakachoma walichoshindwa kubeba. Naye alikimbilia Uvira na watoto sita, pamoja na nusu ya Buyenzi, katika msafara wa watu wenye magodoro vichwani. Walibaki wazee, vichaa na wakaidi, na Bi Sijaona alisema yeye hakujua yumo katika kundi lipi. Gari la Adrien lilichukuliwa na dereva. Kiti alikuwa amekishona. Unyumbakumi aliukataa, na safari hii hakuna aliyembembeleza.

Mwaka 1998 ilikuja barua kutoka kambi moja ya Tanzania. Melchior aliandika kwamba mtoto wao ni wa kike, kwamba vita viliwakuta hata Uvira wakavuka tena, na kwamba wamempa binti jina la Khadidja ingawa padri aliuliza maswali. Bi Sijaona alimsomea barua ile Thuwaiba, binti wa marehemu Bi Khadidja, aliyekuwa amehamia nyumba namba ishirini na tatu.

Rachidi alirudi mwaka 2004, vita vikielekea kuisha. Alikuwa amekonda na watoto wawili hakurudi nao. Alikodi uwanja mdogo wa gereji, si wa zamani. Kwa majuma alipita mbele ya karakana akisalimia bila kusimama. Siku moja alisimama.

"Bi Sijaona. Nataka kukwambia kitu cha zamani."

Bi Sijaona aliligeuza sikio lake zima. "Najua, Rachidi. Niliona saba yako mezani kwao."

Rachidi alishika mwimo wa mlango. "Tangu wakati ule?"

"Tangu wakati ule."

"Na ulinyamaza. Miaka yote." Akaanza kulia, mtu mzima, mchana, mafundi wakimwona. "Waliniambia ni wapangaji tu. Waliniambia watawatoa tu, basi. Nisamehe, mama."

"Mi nilipoteza sikio tu," akasema Bi Sijaona. "La kusamehe si langu. Liko namba ishirini na tatu."

"Siwezi."

"Nitakwenda na we mpaka mulangoni. Kuingia utaingia mwenyewe."

Walikwenda. Ni nyumba chache tu, lakini Bi Sijaona anasema hakuwahi kutembea njia ndefu kama ile. Rachidi alianza kusema pale pale nje, mbele ya wapita njia, haraka, kama mtu anayetaka kupigwa na kumaliza. Thuwaiba alimsikiliza maneno mawili matatu, na uso wake ukabadilika, kwa maana aliyaelewa kabla hayajafika mwisho.

"Usiseme hapa," akamwambia. "Hapa ndipo mama alipoanguka. Ingia ndani."

Rachidi alivua viatu akaingia. Alikaa mle mpaka alasiri. Walichosema hakuna anayekijua. Bi Sijaona hakuuliza, na wao hawakusema. Thuwaiba hakumsalimia Rachidi njiani mwaka ule wote, wala mwaka uliofuata. Lakini binti yake Rachidi alipoolewa, sinia la kwanza la pilau lililofika lilitoka namba ishirini na tatu, limefunikwa kitambaa safi, na aliyelileta hakungoja shukrani.